Sura Ambazo Hakuzifuta

Jioni ile Fundi Sura alitoka nyumbani na picha kwapani, imefungwa kwa gazeti, akimpelekea mama mmoja mjane wa mtaa wa pili. Jua lilikuwa linazama na watu walikuwa wanarudi makwao. Hakuna cha kutisha hapo. Mtu anapeleka kazi kwa mteja, kisha anarudi kula. Hata ningekuwa mimi ningekwenda huku napiga mluzi.

Jina la Fundi Sura mwanamke huyu alipewa na watu kwa ajili ya kazi yake. Ukifiwa, ukabakiwa na kijipicha kimoja cha kitambulisho, kimepauka, marehemu amenuna kama anayesubiri sindano, unampelekea yeye. Anakiingiza kwenye kompyuta, anakisafisha, anaondoa makunyanzi ya ugonjwa, anarudisha nuru machoni. Siku ya tatu unakabidhiwa mtu wako anakutazama vilevile ulivyomjua. Watu walizipokea picha hizo huku wanalia na kucheka kwa pamoja. Mikono yake ilikuwa na baraka, hilo hata wasiompenda walilikiri.

Mjane alifungua mlango kabla Fundi Sura hajabisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usisimame mlangoni."

Mjane akafungua gazeti, akamtazama mumewe ndani ya fremu, akashukuru. Lakini hakulia wala hakucheka. Aliiegemeza picha ukutani, akamshika Fundi Sura mkono, akapunguza sauti kana kwamba kuna mtu chumba cha pili.

"Nikuulize kitu, lakini usinione nimerukwa na akili."

"Uliza tu, mama."

"Wewe umekaa na sura yake siku hizi zote. Hajakwambia lolote?"

Fundi Sura akatabasamu. Wafiwa huongea mengi, alishazoea. "Mama, ile ni picha tu."

"Najua ni picha. Ila usiku wa tatu huu ananijia. Hasemi kitu. Anafungua mdomo... umejaa udongo. Anatafuna, anatafuna, hauishi. Na ananitazama kama vile mimi ndiye niliyemlisha."

Fundi Sura akauchomoa mkono wake.

Siku tatu.

Udongo.

Aliaga hovyohovyo, hata maji aliyokaribishwa hakuyanywa, akatoka.

Sasa ngoja nikueleze kilichomshtua, usije ukadhani alizaliwa mwoga. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Ukumbi mmoja wa maonyesho ulitaka picha sita za kuchorwa kwa kompyuta, kutokana na shairi la kale la Kiitaliano, la mtu anayeshuka kuzimu kituo kwa kituo akiwaangalia waliohukumiwa. Kila picha iwe na nafsi moja na adhabu yake. Katika barua yao waliandika jambo moja akalipigia mstari: sura zisiwe za kubuni, maana sura ya kubuni haimwogopeshi mtu. Na Fundi Sura, kama ni sura, anazo! Kwenye kompyuta yake kulikuwa na folda iliyojaa marehemu wa miaka kumi na moja.

Hapo ndipo penye kosa. Mzee aliyemfundisha kazi, ambaye hadi leo humwita Mwalimu, alikuwa na sharti moja tu. Ukishamkabidhi mtu picha ya marehemu wake, ile iliyobaki kwako ifute. Siku hiyohiyo. "Sura ya mtu ni amana," alikuwa akisema. "Usikae na amana ya watu mpaka ukaizoea." Fundi Sura aliitika ndiyo Mwalimu, sawa Mwalimu, na hakufuta hata moja. Alijiambia anazitunza ili ajifunze, aone jicho linavyokunjika na kivuli cha pua kinavyolala. Basi kazi ya ukumbi ilipokuja, akawatoa marehemu mmoja baada ya mwingine, huyu akamnyoa ndevu, yule akamgeuza kulia kuwa kushoto, akawachorea mateso. Nani atawatambua? Mume wa mjane yule alimjaza udongo mdomoni, siku tatu kabla ya jioni ile. Kazi ilitoka nzuri mno, na alipoimaliza alijisifu peke yake kwa sauti.

Alifika nyumbani giza linaanza kuingia. Chumba chake cha kazi kilipakana na tanuri la mumewe, maana mumewe alikuwa mwoka mikate, na ukuta uliowatenganisha haukupoa mwaka mzima. Paka wa mtaa walilijua hilo, kila jioni walijipanga nje kuuegemea. Jioni ile hapakuwa na paka hata mmoja.

Akaketi. Akafungua picha ya mume wa mjane.

Alimchora yule bwana akitazama chini. Alikuwa na hakika, kichwa alikiinamisha kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa alikuwa anamtazama yeye.

Kisha... krr... krr... krr... Sauti ya mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Fundi Sura akazigeukia spika. Hazikuwa zimechomekwa. Na harufu ikaja, ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Nimefanya nini mimi?"

Sauti ikakatika ghafla, kama mtu aliyeacha kula ili asikilize.

Ndipo alipoikumbuka picha ya sita.

Picha ya sita ilikuwa ya ziwa la barafu na mtu aliyeganda ndani yake. Katika folda nzima hakupata sura aliyoitaka. Alitaka mtu wa mashavu, mtu anayeonekana alikuwa akicheka sana duniani, ili uchungu wake uume zaidi. Na mtu wa namna hiyo si alikuwa naye ndani ya nyumba? Jumapili akamwita. "Mume wangu, njoo ukae hapa, jifanye unakufa kwa baridi." Bwana yule kwa vituko hajambo. Alitoa ulimi, akageuza macho, akagonganisha meno mpaka wote wawili wakashika mbavu. "Mwoka mikate afe kwa baridi!" akasema. "Huyo aliyetunga shairi hajawahi kuona tanuri." Mkewe akampiga picha. Akamchora. Alimzamisha magotini tu, hakumzamisha zaidi, maana alimwonea huruma.

Mtu hai, jamani. Alimweka mtu hai kati ya wafu.

Akanyoosha mkono, akagusa ukuta.

Ulikuwa baridi.

Hakumbuki alivyofika upande wa pili. Tanuri lilikuwa linanguruma, moto umejaa hadi mdomoni, na mikate iliyokuwa ndani imeshakuwa makaa. Mumewe alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele yake kabisa, amevaa masweta mawili, moja juu ya jingine. Fundi Sura akiwa bado mbali kidogo alisikia joto linamchoma nyusi. Yeye, pale alipokaa, alikuwa anatetemeka.

"Mke wangu," akasema, "hili tanuri limeharibika. Haliwaki."

"Linawaka, baba. Linawaka sana. Toka hapo utaungua."

"Siwezi kutoka. Miguu siisikii." Meno yalimgongana, na safari hii hakuwa anaigiza. "Ilianza vidoleni asubuhi. Nikasema ni viatu. Mchana nikaenda kwa daktari, kanipa vidonge, kasema homa. Sasa imefika hapa." Akaweka mkono kiunoni. "Inapanda."

Alimvuta nyuma na kigoda chake, akamwekea chupa za maji ya moto mapajani. Zikapoa huku anazitazama. Mumewe akajaribu kumtania, kwamba leo amepata mume wa kuhifadhia nyama, lakini utani wenyewe haukufika mwisho. Fundi Sura akambusu utosini. Alisikia midomo yake inanata kama mtu aliyelamba barafu. Akakimbia tena chumbani kwake.

Kwenye picha ya sita barafu haikuwa magotini tena. Ilikuwa kiunoni.

Akashika kalamu ya kuchorea, akaipaka barafu rangi ya maji, akaishusha hadi magotini. Akavuta pumzi. Barafu ikarudi juu, taratibu, mstari kwa mstari, mbele ya macho yake. Akaishusha tena. Ikarudi tena, na safari hii ilipita kiuno kwa kidole kimoja.

Basi nitamfuta, akajisemea. Nikimfuta mtu kwenye picha, atakuwa ametoka. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Lakini hofu ina akili zake wakati mwingine. Akaona kwanza ajaribu kwa mtu ambaye hata mambo yakiharibika ameshakufa. Akarudi kwa mume wa mjane, akafumba macho, akamfuta.

Harufu ya udongo ikaondoka. Chumba kikawa kimya, kimya kizuri. Fundi Sura akalia kwa furaha, akampigia mjane simu palepale.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Nilitaka kukwambia, leo utalala vizuri. Mumeo hatakusumbua tena."

"Nani?"

"Mumeo, mama. Ile ndoto."

"Mwanangu, umepiga namba siyo? Mimi sijawahi kuolewa." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejiona mjinga, "Ila hebu nisaidie. Hii fremu uliyoniletea jioni... mbona haina mtu?"

Simu ilimdondoka.

Kumbe kufuta ndiko huko! Hakumtoa yule bwana kwenye mateso, alimwondoa duniani na ahera kwa mpigo mmoja. Miaka yao yote ya ndoa, mwanamke wa watu hana hata mmoja anaoukumbuka. Fundi Sura alijichukia vile ambavyo hajawahi kumchukia mtu. Na bado alikuwa na mume anayeganda nyuma ya ukuta, na hana wa kumwuliza isipokuwa mtu mmoja.

Mwalimu alipokea simu mlio wa kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mzee hakuitika. "Hukufuta," akasema.

"Sikufuta."

"Nani yuko ndani?"

"Mume wangu."

Akamsikia anavuta pumzi ndefu. "Usimfute."

"Hilo nimeshalijua, Mwalimu."

"Basi sikiliza, sitasema mara mbili. Mahali pa mtu hujazwa na mtu. Ukiweka mwingine, wa kwanza atatoka. Lakini awe wako wa damu. Hao wa watu hawatakubali tena, wameshakujua."

"Mwalimu... wewe umeyajuaje haya?"

Kwa mbali alisikia redio ya mzee inasoma habari.

"Umekuja kwangu mara ngapi?" akauliza mzee. "Uliwahi kuona picha ya mtu wangu yeyote ukutani?" Akakata simu.

Wazo la kwanza la Fundi Sura lilikuwa kujiweka mwenyewe, na nataka ulijue hilo kabla hujamhukumu. Alijipiga picha palepale na machozi yake usoni, akaiingiza, akajichora juu ya barafu. Alichora kama hajawahi kuchora. Lakini wanasema kinyozi hajinyoi. Sura yake haikushika. Iliteleza, ikachujuka, ikabaki doa. Alijichora mara tatu, na mara zote tatu ikawa hivyo, huku barafu ikipanda kifuani kwa mumewe.

Nyuma ya ukuta akamsikia anaita. "Mke wangu..." Kisha tena, chini zaidi, "Mke..." Halafu hakuita.

Wa damu yake walikuwa wawili. Dada yake mkubwa, aliye hai, mwenye watoto wake. Na mama yao.

Mama yao alikufa miaka miwili kabla ya siku hiyo. Ugonjwa ulimkalia usoni muda mrefu, ukampinda mdomo, ukamzamisha macho, mpaka wajukuu wakawa wanamkimbia. Baada ya mazishi Fundi Sura alijifungia na picha yake siku tisa. Kunyanzi moja baada ya jingine, alimwondolea maumivu yote. Alipomaliza, dada yake aliitazama ile picha akasema, "Sasa ndiyo naamini amepumzika." Hakuwahi kufanya kazi bora kuliko ile, na hatafanya.

Akaifungua. Mama alikuwa anatabasamu.

"Mama, nisamehe," akasema. "Yeye yuko hai. Wewe umeshapumzika, huwezi tena kuumia." Alikuwa anadanganya na alijua anadanganya, maana jioni hiyohiyo alikuwa amesikia mfu anatafuna udongo.

Na tabasamu lile halingekaa kwenye barafu. Ilibidi aliondoe. Akashika kalamu, akaanza kurudisha maumivu mahali pake. Hakuhitaji kuangalia popote. Kila kunyanzi alilijua lilipokuwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliondoa. Akaupinda mdomo. Akayazamisha macho. Alikuwa analia kwa sauti kama mtoto, na mkono haukutetemeka hata kidogo.

Akaibeba ile sura, akaishusha ziwani.

Ikashika.

Macho ya mama yakageuka, yakamtazama. Hayakuwa na hasira, na afadhali yangekuwa nayo. Yalimtazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyekuja kumwamsha usiku, kabla hajajua mtoto ana shida gani. Kisha barafu ikafunga, ka!, na ukuta ukaanza kupata joto.

"Jamani!" ikaja sauti kutoka upande wa pili, sauti nene, nzima. "Nani kaacha mikate yangu ikaungua?"

Alimkuta amesimama, jasho linamchuruzika, anavua sweta la pili na kulitukana. Hakukumbuka baridi yoyote. Alikumbuka tu kwamba alipitiwa na usingizi. Fundi Sura alimkumbatia mpaka akauliza kuna nini, akamjibu hakuna kitu, amefurahi tu kumwona. Na ni kweli alifurahi. Alifurahi mno, na hakuthubutu kugeuka kuutazama mlango wa chumba chake.

Asubuhi dada yake aliingia bila hodi, viatu mkononi, macho yamevimba.

"Nimemwona mama," akasema.

Fundi Sura alishika meza.

"Yuko kwenye maji meupe. Anatetemeka, mdogo wangu, anatetemeka na midomo imepinda kama vile siku za mwisho. Nikamwuliza, mama nani kakuweka huku? Hajibu. Anauliza tu kama wewe hujambo."

"Ni ndoto, dada."

"Kwa nini aulize habari zako wewe?"

"Ni ndoto tu."

Ukumbi wa maonyesho aliwaambia kompyuta imekufa na picha zote zimepotea. Haikufa. Iko palepale mezani, haizimwi, na amenunua betri kubwa kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Folda haigusi. Kuifuta hawezi, anajua kufuta ni nini. Mumewe anadhani ana kazi nyingi, humletea chai na kipande cha mkate cha moto, humtania kwamba ataota mizizi kwenye kiti hicho.

Kila jioni, bwana akianza kukanda unga, Fundi Sura hufunga mlango na kumchorea mama yake blanketi. Zito, la sufu, uzi mmoja mmoja, analizungusha mabegani mara mbili na kulikunja shingoni. Kila asubuhi akifungua macho na kutazama skrini, blanketi halipo. Mama yupo vilevile, mabega wazi.

Mwezi mzima amechora. Hakumwambia mtu.

Jana asubuhi dada yake alipiga simu. Hakusalimia.

"Leo mama ameongea."

"Amesemaje?"

"Ameniambia nikupe shukrani kwa mablanketi. Nikamwuliza, mablanketi gani, mbona uko wazi hivyo? Akasema anawagawia wenzake. Wamejaa huko alipo, anasema, na baadhi yao wameganda kuliko yeye. Anasema wote unawajua, umekaa nao miaka kumi na moja." Fundi Sura akaigeukia skrini. "Mdogo wangu, mama anawaongelea watu gani?"